Waya Usiokuwepo

Kambini, Jumatatu, 2 Juni

Kitinda,

Leo sikusalimu, nimekasirika. Nikipoa nitakusalimu.

Hizo taa zako! Nilikuambia sizitaki. Lori langu lilikuwa na taa zake za balbu, zinawaka, hazina makuu. Ukasema, "Dada, niachie, nakuzawadia taa za LED, utanikumbuka." Haya, nakukumbuka. Lori kwa nyuma linang'aa kama duka la simu, na trela limekufa. Nikikanyaga breki, taa za lori zinawaka, za trela kimya. Nikiwasha indiketa ya kushoto, trela halina habari, ila taa zote za nyuma za lori zinapepesa, hata za kulia ambazo sikuzigusa. Mpishi wa kambi ameniuliza kama nabeba maharusi.

Huku hakuna mtandao. Ukitaka kupiga simu unapanda juu ya kilima cha kokoto, na hapo unasikia neno moja kati ya matatu. Kwa hiyo barua hii anakuletea Tangi, yule dereva wa bowza la maji. Leo anashuka mjini, keshokutwa anapanda. Mpe jibu mkononi, na usimpe chai, akikaa haondoki.

Niambie nianzie wapi, kwa maneno ya mtu wa kawaida. Mimi dereva, fundi umeme ni wewe. Nina testa, koleo, tepu na hasira.

Nataka trela liwake kabla ya Ijumaa. Usiniulize kwa nini Ijumaa.

Dada yako


Gereji, Jumatano, 4 Juni

Dada,

Shikamoo, hata kama hukuitaka. Tangi kanywa chai vikombe viwili, cha tatu nimemnyang'anya ndipo nikaandika.

Kwanza, usizihukumu taa kabla ya kesi. Siku ile nilipozifunga tuliunganisha trela hapa uani, wewe ukiwa kwenye usukani, mimi nyuma. Kushoto, kulia, breki, zote ziliwaka. Uliniambia, "Afadhali, maana trela lilikuwa limeanza kuwaka hafifu." Nawe ni shahidi.

Sasa fanya hivi, polepole, usirukie. Chomoa plagi ya trela, ujaribu taa za lori peke yake. Zikipepesa, kosa ni langu, niko tayari kuchapwa. Zisipopepesa, angalia fyuzi, kisha msasa mdogo kwenye soketi, maana vumbi la huko na kutu ni ndugu. Halafu chukua testa: bana koleo dogo la waya wake kwenye chesisi ya lori, uguse kila tundu la soketi huku mtu akikanyaga breki na kuwasha indiketa. Andika kila unachokiona. Ukimaliza, rudia yote, lakini safari hii koleo la testa libane kwenye mwili wa trela. Hilo la mwisho usilisahau.

Na tafadhali, Baba asijue. Nilimwambia nimebadilisha balbu tu. Unamjua: trela hilo alilifunga waya yeye mwenyewe, na ukigusa waya wake ni sawa na kumtia kidole jichoni. Jana kutwa alikaa kwenye benchi akiniangalia ninavyochubua waya, akasema nautesa. Miguu inamsumbua lakini mdomo mzima.

Sasa nakuuliza: kwa nini Ijumaa?

Kitinda


Kambini, Ijumaa, 6 Juni

Kitinda,

Nimefanya yote. Bila trela, taa za lori ni safi kabisa, hakuna kupepesa. Fyuzi nzima. Soketi nimeisugua mpaka inang'aa. Koleo la testa likiwa kwenye chesisi ya lori, kila tundu umeme upo, unakuja na kuondoka ninavyotaka. Nikafurahi. Halafu nikabana koleo kwenye mwili wa trela kama ulivyosema, na testa haikuwaka hata kidogo, tundu lolote lile. Nikadhani nimebana penye rangi, nikakwangua mpaka chuma cheupe. Hakuna kitu. Sielewi. Umeme umefika mlangoni, kwa nini hauingii?

Kuhusu Ijumaa: nilikuficha jambo, na nimechoka kulificha.

Jumamosi iliyopita, mchana kweupe, nilikuwa nimebeba mawe. Mbele wakavuka vibarua na toroli, nikafunga breki. Nikasikia kishindo nyuma. Nikashuka. Mpima barabara, yule kijana mrefu wa kofia ya njano, alikuwa chini ya trela, kwa nyuma, pamoja na pikipiki yake. Mguu umevunjika mara mbili, chini ya goti na juu yake. Alikuwa anaongea vizuri tu, hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia, "Dada, hukuonyesha breki." Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba nilionyesha. Nikaapa! Kwa sababu kila nikikanyaga breki nilikuwa naona kwenye kioo wekundu wa taa zako mpya ukimulika uso wa trela, nikaridhika. Wiki nzima sikushuka hata mara moja kwenda kutazama nyuma ya trela. Nilipojaribu jioni ile, nikaona giza.

Kijana yuko zahanati ya kambi, wamemtia vyuma. Kazi yake ni kutembea, Kitinda. Anapima barabara kwa miguu.

Bwana usalama amenipa fomu. Ina sehemu mbili: sababu ya ajali, na jina la mhusika. Atakayeandikwa pale hatagusa tena gari lolote la kampuni, na polisi watamletea wito. Ilikuwa niirudishe leo, nimeomba muda, nimepewa mpaka Ijumaa ijayo, tarehe 13. Kila nikiishika kalamu naona jina lako na taa zako. Halafu naona jina langu. Natembea tu kulizunguka gari, kuku mwenye kutaka kutaga ana nafuu.

Niambie ukweli. Ni taa?

Dada yako


Gereji, Jumapili, 8 Juni

Dada yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Pole. Mpe pole na kijana. Ungeniambia siku ile ile ningepanda juu ya hilo bowza nikaja.

Si taa. Sikiliza. Umeme ukitoka kwenye betri ukaingia kwenye taa, ni lazima urudi kwenye betri. Ukikosa njia ya kurudi, hauingii kabisa, ndiyo maana unauona mlangoni tu. Njia hiyo ya kurudi tunaiita athi. Trela lako halina athi. Kwa miaka yote hii umeme wake ulikuwa unarudi kwa kupitia ndoano ya kuvutia trela, chuma cha trela kinagusa chuma cha lori, basi. Je, umepaka grisi kwenye ndoano? Najua umepaka, kampuni inawalazimisha kila Jumatatu. Grisi na vumbi vikishikana vinaziba.

Utauliza mbona zamani liliwaka hata likiwa na grisi. Liliwaka hafifu, ulisema mwenyewe. Umeme ulikosa njia yake, ukawa unaiba njia ya jirani: unarudi lorini kwa waya wa taa nyingine, unapita ndani ya balbu kubwa za lori na kufika nyumbani kwa kuzunguka. Mimi nikaondoa zile balbu nikaweka LED, ambazo hunywa umeme kidogo mno. Mlango wa wizi ukabaki tundu la sindano. Trela likazima, na huo umeme kidogo unaopenya ndio unaopepesa taa za lori. Taa mpya hazikuleta ugonjwa, zimeufichua.

Na siku ile uani? Nilisugua ndoano kwa msasa kabla ya kuunganisha. Ndivyo Baba anavyofanya siku zote, mkono wangu ulifanya wenyewe bila kuniuliza. Ukarudi kambini, Jumatatu ukapaka grisi.

Jaribu: chukua waya wowote mnene, funga ncha moja kwenye chuma cheupe cha trela, nyingine kwenye chesisi ya lori, ukanyage breki.

Sasa kuhusu fomu. Andika jina langu. Siku ya kufunga taa niliuona waya wa athi wa trela umekatika, nikasema nitaunga, nikasahau. Hivyo tu. Mimi ni kijana, nitapata kazi nyingine, hata kuchomelea mageti. Usinibishie. Andika.

Kitinda


Kambini, Jumanne, 10 Juni

Kitinda,

Nimefunga waya. Nikamwita mpishi akanyage breki, mimi nikaenda nyuma. Taa za trela zikawaka zote mbili, nyekundu, kali, kama hazijawahi kuumwa. Nimelia pale pale kwenye vumbi. Waya wa mita mbili! Mguu wa mtu kwa waya wa mita mbili.

Halafu nikafuta machozi nikachukua bisibisi, kwa sababu nakujua tangu ukiwa unakojoa kitandani na kumsingizia paka. Nimeifungua soketi ya trela. Nimefuata waya mpaka nyuma kabisa, nikiwa chali, nusu siku. Hakuna waya uliokatika. Skrubu ya tundu la athi bado ina rangi ya kiwandani, haijawahi kuguswa na bisibisi ya mtu yeyote. Huwezi kuona umekatika waya usiokuwepo.

Umenidanganya, na najua unamfichia nani.

Unakumbuka alivyokuwa akinigombeza? "Usipake grisi kwenye ndoano ya trela langu!" Nilidhani ni mambo ya wazee, kama wale wanaokataza kupiga mluzi ndani ya nyumba. Nilikuwa nacheka. Kitinda, Baba alijua. Mtu asiyejua hawezi kukataza grisi.

Nina hasira naye, na wakati huo huo namwona amekaa kwenye lile benchi, na watu wakipita wanamwita Fundi Mkuu. Jina lako siliandiki, hilo ujue. La kwangu nusu linastahili, maana sikushuka kutazama. La kwake mkono unakataa. Mara tatu nimekaa kuiandika fomu, mara tatu nimeinuka nikaenda kuosha gari lililo safi.

Na kuna lingine linaloninyima raha kuliko fomu. Si trela letu tu alilolifunga. Ni mangapi? Yako wapi leo? Nyuma ya kila moja kuna mtu anayesubiri kuona taa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii anayekufa anaweza kuwa mtu mwingine kabisa.

Muulize. Kama huwezi kumuuliza, niambie, nitapanda kilima cha kokoto nimuulize mimi, kwa neno moja kati ya matatu.

Dada yako


Gereji, Alhamisi, 12 Juni, alfajiri

Kwa binti yangu mkubwa,

Nakuletea barua hii mwenyewe. Nakuja ndani ya bowza la maji pamoja na dereva wake, ambaye ana maneno mengi. Ukiniona nashuka, usinisalimu kwanza. Soma. Nimeiandika kwa sababu najijua: nikisimama mbele yako nitaanza kujitetea.

Barua yako niliikuta kwenye benchi, chini ya mita ya kupimia umeme. Haikuwa yangu, nimeisoma. Kisha nikazitafuta zile za kwanza, nikazisoma nazo. Mdogo wako alinikuta nazo mkononi. Usimkasirikie. Amesema uongo kwa ajili yangu, na ameusema vibaya, hajafundishwa na mimi.

Waya huo sikuufunga. Siku nilipolifunga trela lako waya ulikuwa umeniishia, na ulikuwa na safari asubuhi. Nilisugua ndoano nikajaribu, zikawaka. Nikasema nitarudi kuumalizia. Sikurudi. Likaenda mwaka, likaenda wa pili, halikuleta malalamiko. Trela lililofuata nikawa nina waya wa kutosha, na bado sikuuweka. Nikasema chuma ni waya. Nikaanza kuwaambia watu kuwa huo ndio utaalamu, na wanaofunga waya wa tano, huo wa athi, ni waoga. Wakacheka, nami nikapenda walivyocheka. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa miaka tisa, mpaka macho na miguu vikanikalisha.

Umesema nilijua. Ndiyo. Kila nilipokukataza grisi nilikuwa nakuomba unifichie kosa bila kukuambia kosa lenyewe.

Ni matrela kumi na moja, la kwako likiwa la kwanza. Nayakumbuka yote. Jana nimetoka na mdogo wako tangu asubuhi, tumeyapata manne, tumeyafungia waya. Mwenye moja alinicheka akasema nazeeka vibaya, trela lake halina shida. Nilimwomba nikiwa nimepiga magoti pembeni ya gurudumu, akaona aibu, akakubali. Mawili nasikia yako huko kambini kwenu. Mengine manne mdogo wako anaendelea kuyatafuta leo.

Fomu usiijaze. Nionyeshe tu kijana alipolazwa.

Baba yako


Kambini, Jumamosi, 14 Juni

Kitinda mpendwa,

Nakusalimu. Umeona, nimepoa. Au labda sijapoa, nimechoka tu.

Alishuka kwenye bowza amevaa viatu vilivyopigwa rangi na mzingo wa waya begani. Tangi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuomba chai. Nikasoma barua nimesimama kando ya gurudumu, na Baba akasubiri hatua tano mbali, hakukaa hata nilipomwonyesha jiwe. Nilipomaliza nikamwambia shikamoo. Akaitikia kwa sauti ndogo sana. Nikamshika mkono tukaenda zahanati.

Nilidhani ataongea sana. Unamjua Baba, salamu tu ni robo saa. Lakini alisimama mwisho wa kitanda, akavua kofia, akasema, "Trela lililokuvunja mguu nililifunga waya mimi. Kuna waya mmoja sikuuweka. Dereva hakujua, na aliyeweka taa mpya hakujua."

Kijana alimtazama. Akauliza, "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe hujaanza kuendesha pikipiki."

Kijana akageuza uso kwenye ukuta. Nilingoja Baba aombe msamaha, nikawa namwombea kimoyomoyo auombe haraka tutoke. Hakuuomba. Baadaye aliniambia kwamba kumwomba mtu msamaha akiwa hawezi hata kuinuka akakuacha ni kumwonea. Tulikaa pale mpaka muuguzi akatutoa. Tulipofika mlangoni kijana akasema, bila kugeuka, "Andikeni hivyo hivyo alivyosema." Daktari anasema atatembea, ila kama atarudi kupima barabara kwa miguu hajui. Hatajua mpaka mwaka uishe. Basi na sisi hatutajua.

Jana asubuhi Baba aliijaza fomu mbele ya bwana usalama. Aliomba kalamu yenye wino mzito. Kwenye jina aliandika majina yake yote matatu kwa herufi kubwa. Kwenye sababu aliandika, "Waya wa athi haukufungwa. Fundi alijua." Nikamwomba niongeze kwamba dereva hakukagua trela lake wiki nzima. Hakutaka. Nikaongeza. Mimi nimepewa onyo la maandishi, nalistahili. Yeye hataruhusiwa kugusa gari la kampuni maisha yake yote, na wito wa polisi utakuja huko nyumbani. Ukija, upokee kwa adabu, usimfiche mtu.

Yale mawili tumeyakuta hapa kambini kweli. Akayaendea na koleo mkononi, bwana usalama akamzuia papo hapo: sheria imeshaanza, hagusi. Alisimama na koleo lake kama mtu aliyeambiwa hii si nyumba yako tena. Nikalichukua. Nikalala chali chini ya trela, yeye akachuchumaa pembeni na miguu yake ile, akawa ananielekeza. "Kwangua mpaka uone chuma. Zaidi. Usiutese waya." Nimefunga athi mbili kwa mikono hii, na madereva wake wamejaribu, zinawaka. Bado manne. Usilale, Kitinda, yatafute.

Mwisho tukafika kwa trela langu. Nikauondoa ule waya wa majaribio, nikafunga wa kudumu mpaka kwenye soketi, kwenye ile skrubu isiyowahi kuguswa. Baba akaniambia nipande kwenye usukani. Nikamwona kwenye kioo akizunguka polepole, halafu kioo kikampoteza, akawa nyuma kabisa ya trela, pale pikipiki ilipokuwa.

Akapaza sauti, "Kanyaga!"

Nikakanyaga. Kimya. Nikaogopa, nikauliza kama zimewaka.

"Zimewaka. Achia. Kanyaga tena."

Nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga. Nikamwambia basi, Baba, inatosha, ni nzima. Jua lilikuwa kali na mguu ukaanza kuniuma, na nilisikia kwa sauti yake kuwa analia, kwa hiyo sikushuka. Kila nilipoachia breki, alisema, "Tena."

Dada yako